Profesa, gavana na kijiji: Somo la taasisi kutoka Makueni na Kitui

MNAMO Septemba 2014, risasi zilifyatuliwa katika majengo ya bunge la Kaunti ya Makueni mjini Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Serikali ya kaunti hiyo ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Gavana na madiwani walikuwa wamevutana kwa miezi mingi kuhusu bajeti. Muda si muda maelfu ya wakazi wakatia sahihi ombi la kutaka serikali yao yote, ya gavana na ya madiwani, ivunjwe ili wachague upya.

Gavana aliyekumbwa na dhoruba hiyo hakuwa mgeni wa mambo ya katiba. Profesa Kivutha Kibwana alikuwa amefundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi, akaandika kuhusu haki na utawala, na katika miaka ya tisini akasimama mstari wa mbele kudai katiba mpya. Ni katiba hiyo iliyozaa kaunti. Kwa maneno mengine, mkunga alikuwa ameitwa kumlea mtoto, na mtoto alikuwa hatulii.

Miaka michache baadaye, Makueni hiyo hiyo ilikuwa ikitajwa na Benki ya Dunia pamoja na kaunti nyingine kama kielelezo cha jinsi serikali inavyoweza kuwashirikisha wananchi wake. Ng'ambo ya Mto Athi, jirani yake Kitui, yenye watu wa lugha moja, mila moja na ukame ule ule, ilikuwa imeshika njia nyingine.

Safari ya msomi huyo, ikiwekwa kando ya historia ya kaunti hizo mbili, inasaidia kujibu swali ambalo limewaumiza vichwa wataalamu wa siasa kwa karne nyingi: kwa nini sheria moja, ikitumiwa mahali pawili, huzaa matunda tofauti?

Taasisi si jengo

Katika mazungumzo ya kila siku, neno taasisi huleta akilini jengo lenye lango, bendera na askari mlangoni. Wataalamu wa siasa wanapolitumia neno hilo wana maana tofauti. Kwao, taasisi ni kanuni, ziwe zimeandikwa au la, zinazoamua nani anaruhusiwa kusema, nani anakata shauri, nani anashika fedha na nani anamhoji mshika fedha.

Kwa maana hiyo, chama cha kina mama wanaochangiana kila mwezi chini ya mwembe ni taasisi hata kama hakina ofisi, kwa sababu kila mwanachama anajua zamu yake na adhabu ya anayekosa kulipa. Kinyume chake, ofisi ya ghorofa nne inaweza kuwa jengo tupu endapo kanuni zilizobandikwa ukutani hazifuatwi na yeyote.

Fani ya kulinganisha taasisi ni kongwe. Inaaminika kwamba Aristotle na wanafunzi wake walikusanya habari za katiba 158 za miji ya Wayunani na kwingineko ili kujua ni zipi zilizodumu na ni zipi zilizoporomoka. Tangu hapo kazi ya msomi wa fani hii imebaki ile ile: kuweka vitu viwili kando kwa kando na kuuliza kilichovitenganisha.

Mfano unaofanana zaidi na wa Kenya ulitokea Italia. Mwaka 1970 nchi hiyo iliunda serikali za majimbo zenye muundo unaofanana. Robert Putnam, mtaalamu wa siasa wa Marekani, pamoja na wenzake walizifuatilia kwa takriban miaka 20. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1993, alionyesha kuwa majimbo ya kaskazini yalikuwa yamewahudumia watu wao vyema kuliko ya kusini. Kwa maoni yake, siri ilikuwa mazoea ya muda mrefu ya wananchi kushirikiana katika vyama vyao, hata vile visivyohusika na siasa kama vile kwaya na vilabu vya soka.

Mwenzake, Elinor Ostrom, alilinganisha mifereji ya kunyunyizia mashamba, misitu na maeneo ya uvuvi katika nchi nyingi. Alibaini kwamba wanakijiji wanaweza kutunza mali ya pamoja bila kuiuza kwa tajiri wala kuiachia serikali, mradi wao wenyewe washiriki kutunga kanuni na kufuatilia utekelezaji wake. Ingawa alikuwa mtaalamu wa siasa, kazi hiyo ilimfanya mwaka 2009 kuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Afrika Mashariki nayo imewahi kupimwa kwa mizani hiyo. Mwaka 2004 mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu nchini Tanzania. Katika upande wa Kenya, maeneo yenye makabila mengi yalichangia shule zao kidogo kuliko yenye kabila moja. Katika upande wa Tanzania, pengo hilo halikuonekana. Maelezo aliyoyapa ni sera za ujenzi wa taifa, ikiwemo lugha ya Kiswahili.

Kanuni ya kazi hizi zote ni rahisi. Ukilinganisha Nyeri na Wajir, tofauti ni nyingi kiasi kwamba hutajua ni ipi iliyoleta matokeo. Lakini ukipata mahali pawili panapofanana karibu katika kila jambo, tofauti chache zinazobaki huanza kusema. Kitui na Makueni ni mahali pa aina hiyo.

Kutoka darasani hadi barabarani

Kibwana alizaliwa mwaka 1954, wakati eneo la Makueni lilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos. Makueni haikupata kuwa wilaya ya kujitegemea hadi 1992. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaendelea na masomo ya juu Marekani katika vyuo vikuu vya Harvard na George Washington. Alirejea kufundisha Nairobi, na baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria.

Kizazi chake cha wasomi kilifundisha katiba wakati katiba yenyewe ilikuwa ikipunguzwa. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na serikali za majimbo na Seneti. Kufikia mwisho wa 1966 Seneti haikuwepo tena na majimbo yalikuwa yamepokonywa nguvu. Mwaka 1982 sheria iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, na ulinzi huo haukurejeshwa hadi 1990. Vyama vingi viliruhusiwa tena Desemba 1991.

Kwa mwalimu wa sheria, miaka hiyo ilikuwa darasa la aina yake. Majengo ya Bunge na mahakama yalibaki yale yale, lakini kanuni zilizoyapa uhai zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1990 Kibwana alichapisha kitabu kuhusu haki na uhuru wa kimsingi nchini.

Katikati ya miaka ya tisini, yeye na wenzake waliona kwamba uchaguzi wa vyama vingi chini ya kanuni za chama kimoja ulikuwa umewanyima ushindi wapinzani, na kwamba kanuni zenyewe ndizo zilizofaa kubadilishwa kwanza. Vuguvugu hilo lilikutana Limuru Aprili 1997, na likaunda baraza kuu la kitaifa la kudai mageuzi, ambalo Kibwana alikuwa miongoni mwa viongozi na wasemaji wake. Maandamano yaliyofuata, hasa ya Saba Saba, Julai 7 mwaka huo, yalizimwa kwa nguvu na watu wakapoteza maisha.

Mwishowe wabunge wa KANU na wa upinzani walikubaliana juu ya mageuzi machache kabla ya uchaguzi wa Desemba 1997, huku vuguvugu lililoyadai likiachwa nje ya meza. Hilo lilikuwa funzo la kwanza kubwa: anayeshinikiza mabadiliko si lazima awe ndiye atakayeyaandika.

Funzo la pili lilikuja alipoingia serikalini. Alichaguliwa mbunge wa Makueni mwaka 2002, katika wimbi lililoiondoa KANU madarakani, na akahudumu katika wizara za mazingira na ardhi. Tume ya kurekebisha katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, na kongamano la Bomas likajadili rasimu yake kati ya 2003 na 2004. Serikali ilipoibadilisha rasimu hiyo na kuipeleka kwa wananchi, waliikataa katika kura ya maoni ya Novemba 21, 2005. Mwaka 2007 Kibwana alipoteza kiti chake, kisha akawa mshauri wa Rais Mwai Kibaki.

Katiba mpya ilipitishwa Agosti 4, 2010 na kuzinduliwa Agosti 27. Ilianzisha kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana na bunge lake, na ikaamuru zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pia iliandika kwamba wananchi washirikishwe katika maamuzi ya serikali. Machi 4, 2013, Wakenya walichagua magavana kwa mara ya kwanza. Makueni ilimchagua Kibwana. Kitui ilimchagua Dkt Julius Malombe.

Mtihani wa Wote

Hakuna kitabu kilichokuwa kimeandikwa kuhusu jinsi ya kuendesha kaunti, kwa kuwa hapakuwa na kaunti. Katiba iligawa madaraka: gavana hutekeleza, madiwani hutunga sheria, hupitisha bajeti na kumchunguza gavana. Haikueleza nini kifanyike endapo kila upande utatumia mamlaka yake halali kumzuia mwenzake.

Hicho ndicho kilichotokea Makueni. Bila bajeti iliyoidhinishwa, gavana hawezi kutumia fedha. Gavana naye anaweza kukataa kutia sahihi mswada wa madiwani na kuurudisha kwao. Mvutano wa namna hiyo ulizikumba kaunti nyingi katika awamu ya kwanza, lakini Makueni ulifikia kilele cha risasi.

Wananchi ndio waliofungua mlango wa dharura. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa kumwomba rais asimamishe serikali ya kaunti. Zaidi ya sahihi 50,000 zilikusanywa. Katiba inamtaka rais kwanza aunde tume huru ya uchunguzi, kisha apate idhini ya Seneti. Na kaunti ikisimamishwa, baada ya muda usiozidi siku 90 uchaguzi mpya hufanywa.

Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilisikiliza pande zote mwaka 2015 na kupendekeza Makueni isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa. Gavana na madiwani wakalazimika kuishi pamoja hadi uchaguzi wa 2017. Kibwana alirejeshwa, na madiwani wengi wa awamu hiyo hawakurejea.

Ni rahisi kuuona uamuzi wa rais kama ushindi wa mtu mmoja. Kwa mtazamo wa taasisi, jambo kubwa lilikuwa jingine. Mgogoro uliokuwa umefikia umwagaji damu ulipitia sahihi, tume na ripoti, kisha debe la kura. Kila hatua ilikuwa imeandikwa kabla ya mgogoro kuzuka, na kila upande uliifuata.

Ngazi za Makueni

Katikati ya misukosuko hiyo, serikali ya Makueni ilikuwa ikijenga kitu ambacho hakikuonekana sana magazetini. Sheria ilitaka wananchi washirikishwe, lakini haikusema wangekutana wapi, wangapi na mara ngapi. Katika kaunti nyingi, sharti hilo lilitekelezwa kwa tangazo gazetini na mkutano mmoja katika ukumbi wa mji, ambao mkulima wa mbali hangeufikia bila nauli.

Makueni ilianzia chini. Kaunti iligawanywa katika vijiji zaidi ya 3,000, na vijiji hivyo vikakusanywa katika makundi zaidi ya 300. Juu yake ziko wadi ndogo 60, kisha wadi 30, kisha kaunti ndogo sita, na hatimaye kongamano la kaunti nzima. Wakazi wa kijiji hukutana, hutaja mahitaji yao kwa mpangilio wa umuhimu, na kuchagua wawakilishi wa kuyapeleka ngazi inayofuata. Hapo mahitaji ya kijiji kimoja hupimwa na ya kingine hadi yabaki machache yanayotoshea bajeti.

Pengine kipengele chenye nguvu zaidi ni kile kinachofuata baada ya bajeti. Mradi unapoanza, wakazi wanaouzunguka huchagua kamati ya kuusimamia. Kamati hiyo hupaswa kuridhika na kazi kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Zahanati yenye ukuta wa nyufa humkuta mwanakandarasi akiwa mbele ya watu ambao watoto wao ndio watakaotibiwa humo, na ambao bila sahihi yao hundi haitoki.

Msomaji aliyesoma habari za Ostrom hapo juu ataitambua kanuni hiyo. Anayetumia mali ya pamoja ndiye anayeilinda, na mlinzi amepewa meno.

Matokeo yaliyotajwa sana ni mpango wa afya ulioanzishwa mwaka 2016, ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, huku wazee waliopita umri wa miaka 65 wakitibiwa bila malipo. Kiwanda cha kusindika maembe cha Kalamba nacho kilinuiwa kumpa mkulima mnunuzi mwingine mbali na madalali waliozoea kumpangia bei shambani.

Vijiji 247 vya Kitui

Kitui haikukaa ikitazama. Nayo ilifuata sheria ile ile ya 2012, ambayo inaruhusu kaunti kugawanywa hadi kijijini, chini ya msimamizi wa kijiji na baraza la wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano. Kitui ilijigawa katika vijiji 247 ndani ya wadi 40 na kaunti ndogo nane.

Hapa ndipo hesabu inapofunua jambo. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ina watu 1,136,187, na Makueni 987,653. Idadi hizo hazipishani sana. Lakini ukigawa watu wa Kitui kwa vijiji 247, kila kijiji kina wastani wa watu 4,600. Ukigawa watu wa Makueni kwa vijiji zaidi ya 3,000, kila kijiji kina watu wapatao 300 au pungufu.

Neno ni moja, kijiji, lakini vitu ni viwili. Kijiji cha Kitui ni ngazi ya utawala: kina msimamizi, ofisi na eneo. Kijiji cha Makueni ni ukubwa wa mkutano ambao kila mtu anamjua mwenzake, na anayesema uongo kuhusu kisima hutambuliwa papo hapo. Katika mfumo wa kwanza serikali humteremkia mwananchi. Katika wa pili mwananchi ndiye hupanda ngazi.

Itakuwa makosa kuishia hapo na kutoa hukumu. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita 30,000 mraba, karibu mara nne ya Makueni. Kijiji chake cha wastani kina zaidi ya kilomita 120 mraba. Kumfikia mkazi wa pembe za Mwingi Kaskazini au Kitui Kusini kunahitaji gari, mafuta na siku nzima. Ngazi nyingi za mikutano, ambazo Makueni inaweza kuzilipia, zingeigharimu Kitui fedha nyingi zaidi kwa kila mtu anayesikilizwa.

Wakati ni kipimo kingine. Makueni ilikuwa na gavana mmoja kwa zaidi ya miaka tisa. Kitui ilimchagua Malombe mwaka 2013, ikamwondoa na kumchagua Bi Charity Ngilu mwaka 2017, kisha ikamrejesha Malombe mwaka 2022. Malombe alikuja na mpango wa miradi midogo ya miundombinu katika jamii. Ngilu alielekeza nguvu katika kilimo cha ndengu na kiwanda cha nguo cha kaunti, ambacho mwaka 2020 kiligeukia kushona barakoa wakati wa janga la korona. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Lakini desturi ya kushirikisha umma ni kama mti wa matunda, haivunwi msimu inapopandwa.

Funzo la bonde la Mui

Kuna upande mmoja ambao Kitui ndiyo iliyoifunza Kenya nzima, na ulihusu makaa ya mawe. Makaa hayo yaligunduliwa katika bonde la Mui, na serikali ya kitaifa ikatoa vibali kwa wawekezaji. Wakazi walikwenda mahakamani wakidai hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya ardhi yao kuwekwa rehani kwa mradi huo.

Mahakama Kuu ilitoa uamuzi mwaka 2015. Haikuwapa walalamishi ushindi walioutaka, lakini iliorodhesha vigezo vya kupima ushirikishi wa umma, ambavyo mahakama nyingine zimevirejelea mara kwa mara tangu wakati huo. Afisa wa umma ndiye mwenye jukumu la kubuni njia ya kuwafikia watu, na njia hiyo hutegemea uzito wa jambo. Wananchi lazima wapewe habari za kutosha. Si lazima kila mtu asikizwe ana kwa ana, lakini walioathirika zaidi wasiachwe nje. Maoni lazima yazingatiwe kwa nia njema, ingawa hayachukui nafasi ya mamlaka ya waliochaguliwa.

Hivyo, kwa sadfa ya historia, Kitui iliipa nchi kipimo cha kisheria cha ushirikishi, na Makueni ikaipa mfano wa utekelezaji. Kipimo bila mfano ni maneno ya wakili. Mfano bila kipimo ni hisani ya gavana.

Kisichoweza kueleza tofauti

Wapo wanaosema Makueni ilifaulu kwa sababu ya mwethya, kundi la jadi la Wakamba la kulimiana, kujengeana na kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Ni kweli kwamba utamaduni huo ni wa kale, pamoja na utui, yaani ujirani, na nzama, baraza la wazee. Mwaka 1977 mwanasosholojia Philip Mbithi na mwenzake Rasmus Rasmusson walichapisha utafiti kuhusu harambee ulioonyesha nguvu ya makundi ya kujitegemea nchini.

Lakini hapa mantiki ya kulinganisha inadai uangalifu. Mwethya uko Makueni na uko Kitui. Mabwawa ya mchanga ya Kitui, yanayozuia maji ya mvua katika mito ya msimu, yamejengwa kwa mikono ya makundi ya aina hiyo hiyo. Jambo lililopo pande zote mbili haliwezi peke yake kuwa sababu ya tofauti kati yao. Linaweza kuwa udongo mzuri, lakini udongo haujui utapandwa nini.

Lugha, dini, hali ya hewa na katiba navyo ni vile vile, kwa hiyo haviwezi kuibeba tofauti. Kinachobaki ni vitu vinne: ukubwa wa eneo, ukubwa wa kijiji kilichochaguliwa, miaka ambayo utaratibu mmoja ulipewa kukomaa, na uamuzi wa viongozi kuhusu nani atie sahihi kabla ya fedha kutoka. Cha kwanza ni majaliwa. Vitatu vilivyobaki ni hiari ya binadamu.

Hata hivyo, mfumo wa Makueni una gharama zake. Mkutano wa kijiji humla mkulima siku ya kazi. Wenye ulimi mwepesi huweza kuwafunika wajane na vijana. Na mahitaji ya vijiji vingi huelekea kwenye miradi midogo iliyotawanyika, ilhali barabara kuu au hospitali kubwa huhitaji uamuzi wa juu.

Mwenye kiti akiondoka

Muhula wa Kibwana ulikamilika mwaka 2022. Aliwania useneta wa Makueni na akashindwa na Daniel Maanzo. Ugavana ulichukuliwa na Mutula Kilonzo Junior, wakili aliyekuwa seneta wa kaunti hiyo tangu 2013.

Kushindwa huko kuna maana pana kuliko hesabu za kura. Wapigakura wale wale waliosifiwa kwa kushiriki katika mikutano ya vijiji walimwambia mwasisi wa mikutano hiyo kwamba wanaweza kuendelea bila yeye. Kwa mwanasiasa, hilo ni pigo. Kwa msomi wa taasisi, hakuna ushahidi bora zaidi unaoweza kuombwa, iwapo mikutano yenyewe itaendelea kuitishwa na kamati za miradi zitaendelea kushika kalamu.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya programu na taasisi. Programu huitwa kwa jina la kiongozi, na huzikwa siku anapoapishwa mwingine. Taasisi husahau jina la aliyeianzisha. Mkazi wa Mbooni anayekataa kutia sahihi kwa sababu bomba halitoi maji hahitaji kujua kwamba kanuni anayoitumia ilipiganiwa Limuru mwaka 1997, wala kwamba profesa fulani aliwahi kuifundisha darasani. Anahitaji kujua tu kwamba bila sahihi yake mwanakandarasi hatalipwa.

Kwa mkazi wa Kitui, swali si kama kaunti yake iige ya jirani neno kwa neno. Nchi kubwa na kavu inahitaji ngazi zake yenyewe. Swali ni lile ambalo msomi yeyote wa taasisi angeuliza kwanza akishuka kwenye gari katika soko la Mutomo au Kyuso: mradi ukijengwa vibaya hapa, ni nani mwenye mamlaka ya kukataa, na je, yuko karibu kiasi cha kuuona?

Likipata jibu lenye jina la mtu wa kijijini, taasisi ipo. Likijibiwa kwa jina la gavana peke yake, bado ni jengo.